SITI BINTI SAAD: USIONE VYAELEA, VYAUNDWA

Maisha ya mfinyanzi wa Fumba aliyejifunza kazi ya wanaume, na yanayotuhusu sisi wanakikundi

Ndugu mwanakikundi, na wewe mpenzi wetu unayetuunga mkono,

Kamati ya kijitabu hiki iliponiomba niandike maisha ya mwanamke mmoja mashuhuri, nilitajiwa majina mengi. Mimi nikachagua la Siti binti Saad wa Unguja. Najua wapo watakaouliza, mwimba taarab ana uhusiano gani na kikundi cha kuweka na kukopa? Subirini kidogo. Someni kwanza, mwisho tutahesabiana kama tunavyohesabiana kila Jumamosi.

Wengi wetu tunamjua Siti kwa sauti tu. Tunasema Mungu alimpa sauti, basi, habari imekwisha. Kusema hivyo ni kumpunja. Sauti alipewa, ni kweli. Lakini ufundi aliusomea, tena aliusomea ukubwani, pamoja na wenzake, katika kazi ambayo watu walikuwa wameshakata shauri kwamba si ya mwanamke. Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Hebu tutazame chombo hiki kiliundwaje.

MTOTO WA FUMBA

Siti alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wenye asili ya bara, na maisha yao yalikuwa yameguswa na utumwa. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Litafakari jina hilo. Mtoto anaitwa aje kula, anaitwa Mtumwa. Anatumwa maji, anaitwa Mtumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, naye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kama 17. Sheria ilikuja, lakini vinywa vya watu havikubadilika siku hiyo hiyo. Aliyetoka katika ukoo wa watumwa aliendelea kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Shule hakusoma. Alichojifunza kwa mama yake ni ufinyanzi. Kina mama wa shamba wanaijua kazi hii ilivyo. Udongo unachimbwa, unabebwa kichwani, unapondwa na kukandwa mpaka ulainike. Chungu kinafinyangwa kwa mkono, kinaanikwa, kinachomwa. Ukikosea moto, kazi ya siku nyingi inapasuka mbele ya macho yako. Halafu ukifika sokoni, mnunuzi anakigonga kwa kidole, anabetua mdomo na kukata bei. Hapo ndipo ulipotoka ule msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni.

Kazi hiyo hakuna aliyemkataza. Ufinyanzi ulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake, na kazi iliyohesabiwa hivyo haikuitwa hata ufundi. Siti alivichukua vyungu vyake mpaka mjini, akitembeza mitaani na kuvinadi kwa kuimba. Watu walianza kuisikia sauti kabla hawajaviona vyungu. Inasemekana wengine walitoka nje kwa ajili ya sauti, wakajikuta wamenunua na chungu.

MJI ULIOKUWA NA KAZI ZA WENYEWE

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka kama 31, Siti aliacha shamba akahamia mjini. Mtu mzima huyo, jamani. Umri ambao leo wapo wanaotuambia kwamba mwanamke ameshachelewa kujifunza jambo jipya.

Taarab wakati ule haikuwa hii tunayoijua harusini. Ililetwa Unguja kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ili itumbuize jumba la kifalme. Ilipigwa kwa udi, kanuni, fidla na ngoma ndogo, na iliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, chama cha wanaume waungwana waliopenda muziki huo. Kwa hiyo kulikuwa na mlango mmoja wa kuingilia katika fani, na mlango huo ulikuwa na makufuli yake. La kwanza, uwe mwanamume. La pili, uwe na ukoo. La tatu, ujue Kiarabu. Siti hakuwa na ufunguo hata mmoja.

Halafu kulikuwa na kufuli la nne, na hilo ndilo zito kuliko yote, nalo ni maneno. Mwanamke kusimama mbele ya wanaume akaimba lilionekana ni jambo la fedheha. Kuimba kwenye ngoma za wanawake, harusini au kwenye unyago, sawa. Lakini kuimba ikawa ndiyo kazi, ukalipwa, ukajulikana jina? Eti mwanamke mwenye heshima hafanyi hivyo.

ALIVYOSOMEA KAZI

Bahati ya Siti ni kwamba sauti yake ilimfikia fundi mmoja wa muziki, mtu wa Ikhwani Safaa. Fundi yule hakuishia kumsifu. Alikaa naye akamfundisha. Na hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana wasimuliaji wengi huparuka hapa haraka.

Siti alikuwa hajui kusoma. Nyimbo za Kiarabu alizisikiliza na kuzirudia neno kwa neno, mpaka matamshi yakakaa sawa ulimini na maneno yakakaa kichwani. Ilimpasa ajue pumzi inavutwa wapi na inaachiwa wapi. Ilimpasa ajue mapigo, aingie pale anapotakiwa kuingia, asimkimbie mpiga udi wala asimwache nyuma. Sauti ya kunadia vyungu barabarani ni kitu kimoja, na sauti ya kukaa katikati ya vyombo vitano usiku kucha bila kupotea ni kitu kingine kabisa. Mikono iliyokuwa inakanda udongo ilijua tayari kwamba kitu kizuri hakitoki kwa pigo moja. Alikanda sauti yake vilevile.

Mwalimu wake akamkutanisha na mafundi wengine, na hatimaye likaundika kundi lililokuja kuvuma mwambao mzima. Ndani yake walikuwamo Maalim Shaaban, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Subeit Ambar, wanaume wote, na Siti mwanamke peke yake. Walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikokuwa wakiishi watu wa kazi: wachukuzi, mafundi, wachuuzi, wapishi, watumwa wa zamani na watoto wao. Usiku walikaa wakifanya mazoezi. Habari za mjini zililetwa pale, zikazungumzwa, zikapimwa, zikageuzwa nyimbo. Huyu analeta mstari, yule anauondoa, mwingine anatafuta sauti ya kuutia. Majirani walikusanyika kusikiliza.

Sasa fikirini jambo hili, kina mama. Wanaume wale walikaa na Siti usiku baada ya usiku kazini. Walimwona akikosea, akarekebishwa, akarudia. Walimwona pia akiwarekebisha wao. Mtu uliyejifunza naye kazi huwezi tena kudanganywa kwamba haijui kazi, kwa sababu ulikuwepo. Watu wa nje walikuwa wakisema mwanamke haiwezi fani, na wa kwanza waliojua kwamba huo ni uongo ni hao wenzake wanne. Mafunzo ya pamoja yalimpa Siti ufundi, na yakampa mashahidi.

Ni wakati huo wa mjini ndipo jina nalo likabadilika. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa mpaka Siti ni safari ndefu kuliko ile ya kutoka Fumba mpaka mjini.

BOMBAY, 1928

Alipokwisha kuiva, Siti hakubaki katika Kiarabu tu. Aliimba kwa Kiswahili, lugha ya Ng'ambo na ya soko. Ile taarab iliyokuwa ya jumba la kifalme akaitoa nje, ikawa ya kila mtu. Na jumba lenyewe halikumkataa. Alialikwa na matajiri na kuimba mbele ya Sultani, kisha akarudi Ng'ambo akaimba kwa majirani zake.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni, iliwachukua Siti na wenzake kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi. Siti anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki aliyerekodi nyimbo zake katika santuri. Wakati huo alikuwa na miaka kama 48. Mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, asiyejua kusoma, anavuka bahari ya Hindi si kama mke wa mtu wala mtumishi wa mtu, bali kwa sababu kuna kazi anayoijua na inayomhitaji.

Santuri ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Zilipigwa majumbani na mikahawani, Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na hata ng'ambo ya bahari. Kampuni zilikuwa na shaka kama santuri za Kiswahili zitapata wanunuzi. Zikapata, na baada ya hapo zikaja safari nyingine na kampuni nyingine. Soko zima la santuri za Kiswahili lilifunguliwa na kundi lile la Ng'ambo.

MANENO YA WATU

Msidhani maneno yalikoma. Mtu akipanda, wapo wanaomvuta kanga. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkejeli: kwamba lini naye amekuwa mtu, kwamba jana tu alikuwa wa shamba aliyevaa kaniki. Walimsema uso wake, walimsema asili yake. Angalieni, hawakusema kwamba haimbi vizuri. Kazi yake hawakuwa na la kuitia dosari, ndipo wakageukia sura na ukoo. Ndivyo anavyosemwa mwanamke kazini mpaka leo. Mwanamume akikosea husemwa amekosea. Mwanamke akipatia husemwa sura yake.

Siti alijibu kwa wimbo. Hakutukana mtu. Alieleza kwamba uzuri wa sura na utukufu wa ukoo si hoja, na kwamba kasoro ya kweli ni kukosa akili. Jibu lile liliwanyamazisha wengi, na limeishi kuliko kejeli yenyewe.

Ufundi huo aliutumia pia kuwasemea wengine. Wimbo wake wa Kijiti unahusu kisa cha kweli. Mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliuawa Unguja na mwanamume aliyeitwa Kijiti, na muuaji akatorokea bara. Wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioishia kufungwa, kwa ajili ya pombe iliyonywewa usiku ule. Mahakama ilikwisha kuamua na faili likafungwa, lakini wimbo ulilifungua tena kila ulipoimbwa. Mwanamke mwenye kazi yake mkononi ana sauti hata pale ambapo hakuitwa kusema.

MBEGU ALIYOACHA

Siti alifariki dunia Julai 1950. Kabla ya kufa kwake alionana na Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika wasifu wake. Kwa hiyo mwanamke ambaye hakujua kuandika aliandikiwa kitabu na bingwa wa kuandika.

Nyuma yake mlango haukufungwa tena. Vikundi vya taarab vya wanawake vilizuka Unguja, wanawake wakitunga, wakiimba na kujiendesha wenyewe. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa msichana mdogo aliyejiiba kwenda kumsikiliza Siti, na kwa kusikiliza huko akajifunza. Na mwaka 1988, wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, waliokuwa wameunda chama chao cha TAMWA mwaka mmoja kabla, walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hao nao walikuwa wameingia katika kazi ambayo wengi waliiona ya wanaume, wakaamua kuingia kwa pamoja. Walijua jina gani la kuazima.

SASA TUHESABIANE

Nilisema mwisho tutahesabiana. Haya.

Kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Tulianza na sanduku, daftari na shaka nyingi. Miaka mitatu iliyopita tuliongeza mfuko wa mafunzo, kila mmoja shilingi 500 kila mkutano, tukamlipa fundi akawafundisha wenzetu sita kufunga nyaya za umeme majumbani. Mnakumbuka vicheko? Eti ngazi na kanga wapi na wapi. Mnakumbuka pia mwenzetu wa kwanza alivyokwenda peke yake kwenye nyumba moja inayojengwa, mfuko wa vifaa begani, akaambiwa aanze kwa kuwapikia mafundi ugali. Alirudi analia.

Juma lililofuata walikwenda wote sita kwenye nyumba nyingine. Mmoja akipima, mmoja akikata, wawili juu ya ngazi, mmoja akikagua, mmoja anaandika hesabu. Mwenye nyumba aliwasha taa jioni ile, zikawaka zote. Leo anawatafutia kazi yeye mwenyewe. Kilichobadilika kati ya juma lile na hili si ujuzi, maana ujuzi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mmoja alikwenda na maneno ya watu peke yake, na sita wakaenda na mashahidi.

Sasa katika mkutano mkuu ujao kuna hoja kwamba mfuko wa mafunzo uvunjwe, tugawane tufurahie miaka kumi. Mimi simlaumu aliyeileta. Mfuko una shilingi 1,350,000, nasi tuko 30, kila mmoja atapata 45,000. Si haba. Ni sukari, ni unga, ni doti mbili tatu za kanga, na wapo kati yetu ambao mwezi huu wanazihitaji kweli. Wenye shida ya haraka tuna mfuko wa jamii, na tuuongeze kama hautoshi. Lakini kina mama, mafunzo hayagawanyiki mara thelathini. Ukiyagawa yanakuwa sukari, na sukari inakwisha.

Siti alikuwa na sauti alipokuwa akitembeza vyungu. Kama asingetokea mtu wa kukaa naye, na wenzake wa kukesha naye mazoezini, angebaki mwuza vyungu mwenye sauti nzuri, na leo tusingelijua jina lake. Ni wangapi hapa kwetu wamebaki hivyo? Kuna binti wawili wa wanachama wanasubiri zamu ya pili ya mafunzo. Mmoja ameniuliza mara mbili inaanza lini. Sijampa jibu. Jibu ni letu sote, siku ya mkutano.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Ni kazi zipi hapa mtaani kwetu zinazosemwa si za wanawake? Nani anasema, na je, sisi wenyewe tunasema?

2. Siti alisemwa sura na ukoo, si kazi. Taja mara moja uliposemwa wewe hivyo. Ulijibu nini?

3. Tukiuvunja mfuko wa mafunzo, nani atapata hasara ambaye hayumo katika orodha ya wanaogawana?

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad, na akibariki kikundi chetu. Amina.